Chake Chake itakusubiri, hesabu kwanza: majibu ya maswali yenu ya biashara

Asalam alaykum wasomaji wetu wa Unguja, Pemba na kwengine mlipo. Mwezi huu meseji zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka pahala pamoja: mtu anataka kupanua, kaambiwa aandike mpango mkakati, akifungua tu ukurasa wa mwanzo anakuta "tathmini ya hali ya sasa ya biashara" na hapo hapo anakwama au anaandika maneno mazuri mazuri apite. Mie naona huo ukurasa wa mwanzo ndio mpango wenyewe, kwa hiyo nimechagua barua nne na ntakaa zaidi kwenye ya kwanza kwa sababu mwenyewe kanitumia namba zake zote.

SWALI

Shoga, mie nipo Wete, naoka mikate ya boflo, maandazi na halua, huu mwaka wa 9 sasa. Kwa siku natengeneza kama laki na themanini, watu wananambia biashara yako nzuri na mie naiona nzuri lakini mwisho wa mwezi sina hata cha kuweka. Nimepata pahala Chake Chake karibu na soko nataka nifungue tawi, na kuna watu wako tayari kunikopesha milioni 6 nirudishe kwa mwaka mmoja. Kijana wangu anasoma chuo kikuu cha SUZA ananambia mama usichukue pesa mpaka uandike mpango mkakati, na kwanza utathmini hali ya biashara ilivyo sasa. Namuuliza hali gani tena, mie si nipo hapa kila siku naiona? Hakunijibu nikafahamu. Karatasi ya pili nimekuandikia kila ninachotumia. Nambie.
Mama Boflo, Wete

JIBU

Dada yangu, kijana wako kasema kweli ila kakuachia njiani. Kuwepo dukani kila siku hakukufanyi uijue biashara. Unajua tanuri linawashwa saa ngapi, unajua nani kachelewa kuja, unajua unga umebaki robo polo, lakini je unajua kati ya boflo, maandazi na halua nani anamlisha mwenzake? Tathmini inakuuliza hilo. Kabla hujasema nataka kwenda Chake useme kwanza leo nipo wapi, na useme kwa namba.

Nimekaa na karatasi yako ya pili usiku mzima na nakushukuru kwa kuiandika, wengi hawaandiki. Tuanze na hiyo laki na themanini. Boflo 500 kwa bei ya 200 ni shilingi 100,000. Halua kilo 5 kwa 10,000 ni 50,000. Maandazi 150 kwa 200 ni 30,000. Jumla 180,000, sawa kabisa. Lakini chini kwenye kona umeandika kwa kalamu nyengine, tena kwa herufi ndogo, "zinabaki boflo kama 40, tunakula na nagaia majirani". Hapo dada ndipo nilipoanza hesabu upya. Laki na themanini ni hesabu ya ulichooka, ulichouza ni kitu chengine. Boflo zilizouzwa ni 460, yaani 92,000, na mapato yako ya siku ni 172,000.

Sasa tulitazame boflo peke yake. Unga kilo 30 kwa siku, na kwa bei yako ya 90,000 kwa polo la kilo 50 hiyo ni 54,000. Hamira, chumvi, mafuta na sukari umeandika 10,000. Kuni 12,000. Vijana wawili wa tanuri 16,000. Jumlisha mwenyewe: 92,000. Umeuza za 92,000 na zimekugharimu 92,000. Unaamka saa tisa za usiku, macho yamekuwa mekundu kwa moshi, na boflo halikuachii hata shilingi moja.

Halua je? Sukari, wanga, samli, iliki, zafarani, kuni na ujira wa yule mzee anaekoroga umeandika 31,000 kwa hizo kilo 5, inabaki 19,000. Maandazi yanakula 21,000 yanabakisha 9,000. Kwa hiyo biashara nzima inakupa 28,000 kwa siku. Toa kodi ya pahala, 150,000 kwa mwezi ni sawa na 5,000 kwa siku. Toa na ile 15,000 unayochukua kila jioni kwa ajili ya nyumba. Umebakiwa na 8,000, kwa siku 30 ni 240,000, na hapo hujauguza mtu, hujatoa mchango wa harusi, hujanunua sufuria iliyotoboka. Ndio maana huoni cha kuweka dada, hakuna anaekuibia, usije ukaanza kuwashuku wale vijana bure.

Na ile milioni 6, tuseme hata wasikuongezee kitu juu yake, ukiigawa kwa miezi 12 ni 500,000 kila mwezi. Unayo 240,000. Utasema tawi la Chake ndilo litakalolipa, na huenda ikawa kweli, lakini ukihamishia Chake biashara hii hii ilivyo, na boflo likiwa ndio kubwa kama lilivyo Wete, utakuwa na matanuri mawili yote yanajilipia yenyewe tu na wewe unadaiwa.

Sasa usikimbilie kuacha boflo. Huenda boflo ndilo linalomtoa mtu nyumbani asubuhi na akishafika anachukua na maandazi matatu ya watoto. Hilo huwezi kulijua kwa kukisia. Kwa wiki mbili mpe binti anaekuuzia daftari la mistari, kila mteja anaekuja aweke alama: kachukua boflo tu, au boflo na kitu chengine, au hakuchukua boflo kabisa. Basi, alama tu, asiandike maneno maana atachoka siku ya pili. Baada ya wiki mbili utajua. Halafu wiki moja oka 450 badala ya 500 uone kama kuna aliyerudi mikono mitupu. Na kugaia majirani usiache, ni jambo la kheri, ila liandike, "nyumbani 20, majirani 20", ili usiku ukihesabu usizitafute kwenye pesa.

Kitu chengine, hizi namba zako ni za mwezi gani? Hukunambia. Pemba pesa inatembea na karafuu, hilo unalijua kuliko mie. Msimu ukiwa mzuri mwenye shamba kapeleka karafuu ZSTC, shirika la biashara la serikali, kalipwa, wachumaji wamelipwa, kila mtu anakula halua. Na mkarafuu wenyewe hauzai sawa kila mwaka, ukibeba sana mwaka mmoja unaofuata unaweza kupumzika. Ramadhan boflo la asubuhi linalala na halua inangoja Idd. Kwa hiyo ukipima mwezi mmoja tu na ukawa mwezi wa neema utajiona tajiri, na ukiwa mwezi mkavu utafunga biashara iliyokuwa nzima. Unataka miezi 12. Najua utaniambia sikuandika mwaka mzima, na mie nakwambia yupo aliyekuandikia: nenda kwa huyo anaekuuzia unga kwa jumla, muombe afungue daftari lake la wateja, akwambie kila mwezi umechukua mapolo mangapi. Polo moja linakupa boflo kiasi gani unajua, basi mwaka wako wote umo kwenye kitabu cha mwenzio.

Halafu tuje kwa watu na vitu. Umeandika mzee anaekoroga halua ni mmoja na hakuna mwengine anaejua kulipima sharubati lake. Halua ndiyo inayokupa faida kubwa, 19,000 kati ya 28,000, na yote imo kwenye mikono miwili ya mtu mzima mwenye umri. Akiumwa wiki mbili?

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu lilinikuta mwenyewe. Mwaka 2009 nilikuwa na mafriza matatu pale Mwembeladu, nauza barafu, malai na juisi za ukwaju, na daftari langu lilikuwa zuri wallahi, nilijua faida yangu ya kila siku mpaka senti. Mwanzo wa Disemba nikachukua friza la nne kwa deni. Mwezi huo huo laini inayotuletea umeme kutoka bara kwa chini ya bahari ikaharibika, Unguja nzima ikaingia kiza, na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Karibu miezi mitatu! Siku ya kwanza nilifunika mafriza kwa mablanketi nikidhani ni la kupita. Siku ya tatu maji yalikuwa yanatoka chini ya milango ya mafriza yanatiririka mpaka barabarani, ukwaju umechacha, malai nimemwaga ndoo kwa ndoo. Na deni la friza la nne likaendelea kuhesabika. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba 2008, mwaka mmoja na nusu tu nyuma, tulikuwa tumeshakaa karibu mwezi mzima bila ya umeme. Nililiona kwa macho yangu na bado nilipokaa kupanga friza la nne sikuandika popote kwamba biashara yangu yote imening'inia kwenye waya mmoja. Daftari lilijua faida, halikujua nimesimama juu ya nini.

Kwa hiyo dada kwenye tathmini yako weka ukurasa mmoja wenye swali hili: kitu gani kikiondoka leo na mimi siku ya tatu nimekwama? Andika yule mzee. Andika huyo mwenye unga anaekukopesha mpaka Ijumaa. Andika mwenye nyumba, mkataba wako na yeye wa maandishi au wa mdomo? Andika tanuri, lina ufa au halina. Na huyo mzee umtafutie mwanafunzi kuanzia mwezi huu, kabla ya Chake, kabla ya kila kitu.

La nje sasa. Chake ni kilomita 30 hivi, panda gari baada ya sala ya alfajiri, siku tatu tofauti, mojawapo iwe siku ya mwisho wa mwezi, kaa karibu na hilo pahala ulilopata mpaka saa tatu asubuhi. Tazama boflo zinazouzwa pale zinatoka tanuri lipi, bei gani, zinamalizika saa ngapi, halua ipo au haipo, nani anainunua, mwenyeji au msafiri anaeshuka Mkoani kupanda boti. Leseni na kodi za ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, utaulizia pia, lakini hayo hayatakuchelewesha kama kutojua nani mteja wako. Halafu bila ya kufungua kitu, kubaliana na duka moja tu la Chake uwapelekee halua kilo 3 kwa wiki kwa mwezi mzima. Ikitoka yote na wakataka zaidi, hapo umeshaanza tawi lako kwa nauli ya gari, na hao wa milioni 6 utawaendea na daftari mkononi, tena pengine utawaambia nataka milioni 2 tu.

Nitumie matokeo ya zile alama za wiki mbili tafadhali, nataka kujua kuhusu boflo.

SWALI

Habari. Nna gesti ya vyumba 6 Jambiani. Mwaka huu tulimlipa mshauri mmoja tukakaa nae siku mbili tukajaza SWOT ukuta mzima kwa karatasi za rangi. Kwenye nguvu tuliandika mambo 12: tupo karibu na bahari, wafanyakazi wakarimu, chakula kizuri, mazingira tulivu na kadhalika. Udhaifu tulipata 3. Sasa miezi 8 karatasi zipo ukutani zinaanza kubanduka na hatujafanya chochote. Mwezi wa Mei tuliuza usiku 27 wa vyumba, Agosti 158. Tumekosea wapi?
Mwenye gesti, Jambiani

JIBU

Kaka, SWOT si mbaya, ni mraba wa vyumba vinne tu uliotokea kwa Wamarekani miaka ya 1960, unaweka ndani nguvu na udhaifu wako, nje fursa na vitisho. Shida ni kwamba mliujaza kwa kukaa chumbani na kusifiana, samahani kwa kusema hivyo lakini mambo 12 kwa 3 yananambia hivyo. SWOT inajazwa mwisho baada ya kuhesabu, nyinyi mmeifanya mwanzo.

Ichukue hiyo ya kwanza, tupo karibu na bahari. Jirani wa kulia hayupo karibu na bahari? Wa kushoto? Jambiani ni kijiji kirefu kimelala ufukweni, kila mwenye gesti pale anaandika hivyo hivyo. Nguvu ni kile ulichonacho na jirani hana, na mgeni yuko tayari kutoa pesa kwa ajili yake. Pitisha yote 12 kwenye hilo chujio, nna hakika yatabaki mawili au matatu na hayo ndiyo ya kuyashika. Wafanyakazi wakarimu pia, nani kasema, nyinyi au wageni?

Na jibu la swali hilo unalo, lipo kwenye maoni ya wageni mtandaoni. Kaa na mtu mmoja wa kukusaidia, chukueni maoni 40 ya mwisho, yasomeni moja moja na kila jambo linalotajwa liwekeeni alama. Maji ya moto mara ngapi, kelele mara ngapi, kifungua kinywa mara ngapi, jina la mfanyakazi fulani mara ngapi. Kama kuna mpishi anatajwa mara 15 kati ya 40, huyo ndiye nguvu yako, na mshahara wake uutazame leo. Na nakwambia kabisa utakuta na bahari ndani ya malalamiko, maana pwani ile ya mashariki maji yakitoka yanakwenda mbali sana na mgeni aliyeona picha ya maji yamejaa anafika saa ya maji kutoka anaona mchanga na miamba mpaka kule kwenye mwamba unaopigwa na mawimbi, anahisi kadanganywa. Kwa hiyo kitu mlichokiandika namba moja kwenye nguvu kwa baadhi ya wageni ni udhaifu. Dawa yake ndogo, karatasi ya saa za maji kujaa na kutoka mlangoni na kwenye meseji ya kabla hawajafika, na saa za maji kutoka wapelekeni kwa miguu wakaone mashamba ya mwani kwa makubaliano na kina mama wenyewe, walipwe.

Sasa zile namba mbili ulizoniandikia mwishoni kama kitu cha kupita, zina mambo kuliko ukuta mzima. Vyumba 6 kwa siku 31 ni usiku 186. Agosti umeuza 158, karibu asilimia 85. Mei umeuza 27, hata asilimia 15 haifiki. Mei ni masika, kila mtu anajua, lakini je umeandika Mei inakugharimu kiasi gani kuwa wazi? Kuna wanaofunga Aprili na Mei wakafanya ukarabati, kuna wanaoshusha bei wakalenga wenyeji wa mjini na wa bara, yote mawili yanaweza kuwa sawa, lakini huwezi kuchagua bila ya kujua usiku mmoja wa Mei unaingiza nini na unatoa nini. Nitafutie miezi yote 12 kwa mtindo huo huo.

Halafu zigawe zile 158 kwa njia wageni walizokujia: wangapi kwa mitandao ya kubuki, wangapi kwa mawakala, wangapi waliwahi kuja wakarudi wenyewe. Profesa Michael Porter wa Harvard aliandika mwaka 1979 kwamba faida yako haibanwi na mshindani wa jirani peke yake, inabanwa pia na anaekuuzia, na anaenunua kwako, na mshindani mpya anaeingia sokoni, na kile kitu mbadala mteja anachoweza kukichukua badala yako. Kwa gesti kama yako ukiona karibu wageni wote wanapitia mlango mmoja wa mtandao, basi mwenye mlango huo ana nguvu juu yako kuliko gesti ya jirani, akipandisha komisheni huna pa kwenda. Hilo halipo kwenye karatasi zenu za rangi na ningependa liwepo.

Zibandueni zote, muanze tena mkiwa na alama za maoni na hiyo miezi 12. Mwite na mfua nguo na mlinzi wa usiku kwenye kikao, wanayaona mambo ambayo wewe huyaoni.

SWALI

Sisi ni kikundi cha kina mama 14, tunalima mwani na tunatengeneza sabuni za mwani. Tumeambiwa tuandike mpango wa miaka mitatu. Tunakaa kuandika hali yetu tunaona kila kinachotuumiza hatuna uwezo nacho: bei anapanga mnunuzi, bahari imekuwa moto na mwani unakufa, wageni wakipungua sabuni hazitoki. Sasa tutathmini nini?
Katibu wa kikundi, pwani ya mashariki Unguja

JIBU

Dada katibu, barua yenu nimeisoma mara tatu na nawafahamu. Kilimo hiki cha biashara kilianza upande wenu huo huo mwaka 1989, Paje na Jambiani, na tangu hapo waliokibeba zaidi ni wanawake, na aina ya mwani inayoitwa cottonii ambayo ndiyo yenye bei ndiyo inayoshindwa na joto la maji, watu wakarudi kwenye aina nyengine, spinosum, yenye bei ya chini. Hayo kweli hamkuyafanya nyinyi. Lakini kutathmini kitu usichokiweza kuna maana yake, unataka ujue kinakuumiza kiasi gani na lini, ili ujue pa kukaa.

Fanyeni hivi, gawanyeni ukurasa kati. Kushoto mliyonayo mikononi, kulia yasiyo mikononi. Kulia msiandike "bahari imekuwa moto" mkaachia hapo, andikeni: mwaka jana kamba ngapi tulifunga, ngapi zilioza, miezi gani, shamba la nani na lipo kina gani. Mkikuta walioko kwenye maji madogo wamepoteza kamba nyingi na walioko mbele kidogo wamepoteza chache, basi lile jambo mlilosema hamna uwezo nalo lina kipande mnachokiweza. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Zanzibar, Dk. Flower Msuya akiwa mbele, wamekuwa kwa miaka wakifanya kazi na wakulima kuhusu kulima kwenye maji yenye kina na kuhusu kuuongezea mwani thamani. Muwatafute mkiwa na hesabu yenu ya kamba, mtazungumza nao vizuri zaidi kuliko mkienda na malalamiko. Na maji ya kina kirefu yana mambo yake, yanataka chombo na watu wanaojua kuogelea, kwa hiyo kwenye upande wa kushoto mjihesabu: kati yenu 14 wangapi wanaogelea?

Bei vilevile. Kilo mliyomuuzia mnunuzi ikiwa kavu mmepata kiasi gani, na kilo hiyo hiyo ikiingia kwenye sabuni inatoa vipande vingapi na vinaingiza kiasi gani baada ya kutoa mafuta ya nazi, magadi, karatasi na nauli ya kupeleka mjini. Sabuni nyingi za vikundi nimeziona zinauzwa bei ambayo haijahesabu saa za mtu, mama anakatakata na kufunga siku nzima na hakuna alieandika siku yake. Iandikeni siku hiyo kwa ujira wa kibarua. Kama baada ya hapo sabuni bado inalipa, sawa, ongezeni sabuni. Ulizeni na ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar, mapema kuhusu viwango maana maduka makubwa na mahoteli watawauliza. Kama hailipi mtakuwa mmejua kabla ya miaka mitatu na si baada.

SWALI

Nauza makava na chaja za simu, kiduka changu kipo Darajani. Hii tathmini inafanywa mara ngapi kwa mwaka na mimi wa kidogo hivi nianzie wapi? Sina muda kabisa.
Kijana wa Darajani

JIBU

Mwanangu, kamili mara moja kwa mwaka, na ndogo kila miezi mitatu inatosha kwa kiduka. Wewe anzia kwenye mzigo uliopo ukutani. Ijumaa funga saa sita, nenda msikitini, ukirudi usifungue, shusha makava yote uyapange chini kwa aina ya simu. Utaona mafungu mengine ya simu ambazo hazipo tena mikononi mwa watu, hujauza hata moja tangu mwaka jana na bado yananing'inia pale pazuri panapoonekana. Yahesabu hayo peke yake, uzidishe kwa bei uliyonunulia, uandike namba hiyo juu ya karatasi kwa herufi kubwa. Hiyo ni pesa yako iliyolala. Halafu mafungu yaliyobaki matatu manne yaandike unayanunua lini na yanakwisha lini.

Yale yaliyolala yatie kwenye beseni mbele ya duka kwa bei yoyote itakayotoka, na ile nafasi ukutani weka kinachokwisha haraka. Jumamosi asubuhi ufungue mapema kidogo, watu wa shamba wanashuka na gari za mwanzo.